Zulia la kumkumbuka askari aliyeuawa kazini: anza na herufi za jina lake

Swali: Shikamoo mama. Naishi Marekani, jirani yangu mume wake alikuwa polisi, aliuawa mwaka jana akiwa zamu. Mimi nimejifunza kuvuta mazulia ya sufu kwa kulabu na nimeshamaliza mawili madogo ya maua. Sasa nataka nimvutie huyu jirani zulia lenye beji, namba ya mumewe na jina lake, la futi mbili kwa tatu. Nimejaribu kipande cha mazoezi, herufi zimekuwa mabonge hazisomeki na kitambaa kimejikunja kama kikombe. Halafu amenipa shati la kazi la marehemu nilitumie humo, nimeliweka tu kwenye droo, naogopa kulitia mkasi. Nianzie wapi?

Marahaba mwanangu, na pole sana, maana jirani akifiwa namna hiyo na wewe umefiwa. Nimelisoma swali lako mara mbili tatu. Umeuliza mambo kama manne kwa mpigo ila yote yanaanzia sehemu moja, nayo ni herufi. Ukishajua herufi zitakuwa na urefu gani ndo unajua upana wa vitepe, ukishajua upana wa vitepe ndo unajua zulia lenyewe litakuwa na ukubwa gani. Wengi wanakwenda kinyume, wanachagua saizi ya zulia kwanza (kama wewe ulivyoshasema futi mbili kwa tatu), wanachora beji kubwa katikati, halafu jina linabanwa kwenye kanafasi kalikobaki chini, na hapo hata mwenye mkono wa dhahabu hawezi kulinusuru.

Kwa wasomaji wengine ambao hawajawahi kuiona kazi hii, sio kufuma na wala sio kupiga mafundo. Unakuwa na kitambaa chenye matundu kimebanwa kwenye fremu, sufu imekatwa vitepe virefu vyembamba, mkono mmoja uko chini ya kitambaa umeshika kitepe, mkono wa juu unachomeka kulabu kwenye tundu, unakidaka kitepe unakivuta juu kinatoa kitanzi kimoja, unaruka tundu unavuta kingine, basi ni hivohivo mpaka zulia lote limejaa vitanzi. Hakuna fundo hata moja. Vitanzi vinashikana kwa kubanana tu, na hilo naomba ulikumbuke maana ndo linaloleta yale mabonge yako.

Sasa hesabu. Vitepe vinaitwa kwa namba, na namba hiyo ni idadi ya sehemu za 32 za inchi, kwa hiyo namba 8 ni robo inchi, kama milimita 6, namba 6 inakaribia milimita 5, namba 4 ni milimita 3 na kidogo, namba 3 ni milimita 2 na nusu hivi. Chukua herufi E. Ina mistari mitatu ya kulala na nafasi mbili kati yake, jumla safu tano, hata uifanye ndogo kiasi gani safu tano hazipungui. Kwa namba 8 safu tano zinakula sentimita 3 na nusu ukiweka na pumzi ya kitambaa, na hiyo ndo kima cha chini kabisa, ili isomeke vizuri kutoka upande wa pili wa chumba mi nafanya sentimita 5. Kwa namba 4 unaweza kushuka mpaka sentimita 2. Upande wa mapana, herufi moja na nafasi yake kwa namba 8 inakula kama sentimita 3, kwa hiyo jina lenye herufi 14 linataka sentimita 42, M na W zinaongeza kidogo, I inapunguza. Kaa na karatasi ya miraba ufanye hesabu hii kwa jina lake lote, cheo na namba ya beji, kabla hujagusa kitambaa. Nahisi kipande chako cha mazoezi ulitumia namba 8 ileile ya maua ukataka herufi za sentimita 2, hapo ilikuwa haiwezekani tu, usijilaumu.

Hakuna sheria inayosema zulia zima liwe la kitepe kimoja. Mi jina na namba navuta kwa namba 4 au 5, beji namba 4, mandhari ya nyuma namba 6. Ukichanganya, hakikisha vitanzi vyote vinalingana urefu, vile vyembamba uvivute juu kidogo vifikie vile vipana, la sivyo jina litazama kwenye shimo.

Halafu umbo la herufi zenyewe, hapa nina ushauri ambao naupenda sana. Pale Washington, Judiciary Square, kuna Mnara wa Kitaifa wa askari wa kulinda sheria waliokufa kazini, ulizinduliwa tarehe 15 Oktoba 1991, una kuta za mawe zimechongwa majina zaidi ya elfu 20 na kila masika yanaongezwa mapya. Watu wakienda wanaweka karatasi juu ya jina la mtu wao wanapitisha penseli kwa ubavu, jina linatokea jeupe kwenye kijivu. Muulize jirani yako taratibu kama anayo karatasi ya hivyo au kama kuna mtu wa kazini kwa mumewe alimletea. Kama ipo, iombe uipige kopi tu (ile yenyewe irudi kwake siku hiyohiyo), kuza kopi mpaka herufi zifike urefu uliopata kwenye hesabu, na hizo ndo zifuate. Ni herufi kubwa, zimenyooka, ni rahisi kuvuta, na mjane akiliona jina kwenye sufu atalitambua ni lilelile aliloligusa kwenye jiwe.

Kuhamisha mchoro, weka neti laini juu ya karatasi, fuatisha kwa kalamu ya wino usiofutika, kisha hamisha neti juu ya kitambaa upite tena palepale, wino utapenya. Ila mstari wa chini wa jina usiuhamishe kwa neti. Uchore moja kwa moja kwenye kitambaa, ingiza ncha ya penseli kwenye mfereji kati ya nyuzi mbili uvute, itafuata uzi yenyewe mpaka mwisho. Jina likipinda uzi mmoja tu jicho linaona, na mtu atakuwa analitazama kila siku.

Kuvuta sasa. Herufi zinatangulia kabla ya kitu chochote, vuta kwa ndani ya mstari ulioupaka, sio juu yake, kwa sababu kitanzi kina tumbo kinajitanua pembeni na herufi inanenepa. Kila kitepe kianze kwa ncha kutokea juu na kiishie kwa ncha kutokea juu, kata ncha sawa na vitanzi, chini kusipite kitepe kutoka herufi moja kwenda nyingine hata kama ni karibu kiasi gani. Ukimaliza herufi moja tu, palepale izungushie safu moja ya rangi ya nyuma, na matundu ya ndani ya A, O, R, 6, 8 na 9 uyajaze kwanza kabla hayajafunga. Usiseme ntakuja kujaza mwishoni, mwishoni tundu limeshabanwa halipo. Niliwahi kumvutia mama mmoja namba ya beji ya mwanawe, ilikuwa na 6, nikachelewa kujaza tumbo lake, 6 ikawa inasomeka kama 8. Mama yule aliipitisha kidole ile namba, akarudi nyuma kidogo akaangalia, hakusema kitu. Niliifumua yote nikairudia wiki hiyohiyo. Idara nyingine namba ya askari aliyekufa kazini wanaistaafisha kabisa hapewi mtu tena, ndo ujue tarakimu moja ina uzito gani kwa hao watu.

Kujikunja kama kikombe kunatokana na kitu kimoja, umevuta kwenye kila tundu. Vitanzi vimejaa kupita nafasi iliyopo, sufu inasukumana, kitambaa kikikosa pa kwenda kinapanda. Kwa namba 6 au 8 kwenye kitambaa cha kawaida unaruka tundu moja, wakati mwingine mawili, na kati ya safu na safu pia unaacha nafasi. Geuza nyuma uangalie, unatakiwa uone kitambaa kidogo kati ya mistari ya sufu, kama nyuma ni sufu tupu basi umejaza mno. Hicho kipande chako usikitupe, fumua safu moja katika kila tatu, kipige mvuke, utashangaa kinavyolala. Mbele haitaonyesha mapengo kwa sababu vitanzi vikipata nafasi vinatanuka vyenyewe.

Nimetaja kitambaa, hebu niseme na hili. Usitumie gunia la juti kwa zulia hili. Najua ndo bei rahisi, na ndo historia yenyewe ya kazi hii, magunia ya juti ndo yaliyoifanya isambae huko New England (kaskazini mashariki ya Marekani) na Kanada mashariki karne ya 19, na karibu mwaka 1868 mchuuzi mmoja wa Biddeford, Maine, Edward Sands Frost, akaanza kukata stensili za metali na kupiga michoro kwenye magunia akiuza nyumba kwa nyumba, wanawake wakawa wananunua gunia limeshachorwa tayari. Lakini juti inazeeka vibaya, inakauka inakuwa kama biskuti, mazulia mengi ya enzi hizo sufu yake bado nzima ila kitambaa cha chini kinakatika ukikikunja. Wewe unatengeneza kitu ambacho watoto wa marehemu watakirithi. Nunua kitani, au kama bajeti haifiki, pamba nzito ile iliyofumwa kwa matundu maalumu ya kazi hii. Acha sentimita 10 kila upande nje ya mchoro, na kingo uzipige zigizaga na cherehani kabla hujaanza, zisichanguke.

Sufu yenyewe iwe sufu asilimia mia au ikikosekana kabisa isipungue 80. Ukinunua makoti na sketi za mtumba, chomoa uzi mmoja uuchome, sufu inanuka nywele zilizoungua na jivu lake linasagika vidoleni, ukiona imeyeyuka ikawa kashanga kagumu hiyo ina plastiki. Fua kwa maji ya moto na sabuni kidogo, ikaushe kwenye mashine, nyuzi zitashikana na kitepe hakitachanguka hata ukikikata chembamba. Kiasi cha kununua, chukua eneo la zulia zidisha mara nne mpaka tano. Futi mbili kwa tatu ni kama sentimita 60 kwa 90, inataka karibu mita za mraba 2 na robo mpaka 2 na robo tatu za sufu kwa rangi zote, na zaidi ya nusu itaenda kwenye rangi ya nyuma, kwa hiyo hiyo inunue au itie rangi yote kwa mara moja. Ukiishiwa ukatia rangi tena haitafanana.

Rangi ya nyuma mi sipendi weusi mtupu, unakaa kama shimo ukutani. Changanya bluu ya usiku, kijivu cha makaa na drafti nyeusi yenye uzi wa bluu, vikate vyote uvichanganye kwenye kapu moja uchukue bila kuchagua. Na kuna sababu nyingine. Askari wakiwa na msiba wanavaa utepe mweusi kukatisha beji, na ukitaka kuuweka kwenye zulia, ule utepe ndo uwe kitu pekee cheusi kabisa kwenye kazi nzima. Nyuma ikiwa nyeusi utepe unapotea.

Beji ya fedha inatoka kwa kijivu cha aina nne, kutoka karibu nyeupe mpaka cha risasi, ya dhahabu unatoka rangi ya majani makavu unashuka mpaka kahawia. Chuma hakibadiliki rangi polepole kama ua, kinaruka ghafla kutoka mwanga kwenda giza, kwa hiyo weka nyeupe moja kwa moja kando ya kijivu kizito bila kulainisha, hapo ndo jicho linaamini kuwa ni chuma. Amua mwanga unatoka juu kushoto na usibadilishe. Kabla ya yote hayo lakini, idara za polisi zina masharti yake juu ya nembo na beji zao, muombe jirani akuunganishe na mtu wa idara ya mumewe upate ruhusa, na usichukue mchoro wa beji mtandaoni, ya kwake inaweza kuwa na nyota au maandishi tofauti.

Usiweke sura yake kwa sasa. Inawezekana kabisa, kule Chéticamp, Cape Breton, Kanada, mvutaji mazulia Elizabeth LeFort alitoa sura za watu kama Rais Eisenhower na Malkia Elizabeth kwa sufu mpaka unaona macho yanakutazama, ila alikuwa na miaka ya kazi mikononi na nyuzi nyembamba za vivuli vingi mno. Sura ikikosewa kidogo inakuwa ya mtu mwingine, na hilo ni jeraha jipya kwa mjane. Beji, namba, jina, tarehe ya zamu yake ya mwisho, vinatosha. Na ile bendera ya Marekani nyeusi na nyeupe yenye mstari mmoja wa bluu, ya kuwaunga mkono polisi, usiiweke kwa kudhani. Zipo familia za askari zinazoiona ni heshima kubwa na zipo zisizoitaka kwa maana ilizobeba siku hizi, muulize tu wazi, atakwambia.

Tuje kwenye shati. Umefanya vizuri kuogopa. Kwanza usilifue, mpaka umemuuliza, maana inawezekana bado lina harufu yake na yeye hajafikiria kuwa ukilifua inakwenda. Pili, nembo za mabegani, vifungo na kitambaa cha jina usiviguse, vinarudi kwake. Tatu, chomoa uzi ndani ya pindo ufanye ile test ya moto, mashati mengi ya kazi yana polista ndani yake, na hayo hayashikani kama sufu, yanachanguka. Hayo hayakuzuii, unakata kitepe kipana zaidi, sentimita 2 hivi, unakikunja mara mbili au tatu wakati unakivuta, kingo zinaingia ndani. Pa kukata ni chini kabisa, ule mkia wa shati unaochomekwa ndani ya suruali. Ukikata pale sentimita 8 na kupinda upya, shati linabaki shati, anaweza kulitundika kabatini na hakuna atakayeona limekatwa. Kitambaa hicho kinatosha kwa mstari mmoja chini ya jina, na mi nashauri ukiweke hapo tu, mahali anapajua, asiwe anakitafuta kwenye zulia zima.

Kabla hujavuta chochote, jaribu rangi kama inachuja. Zulia langu la kwanza la ukumbusho bluu ya nyuma sikuisuuza vya kutosha, nilipopiga pasi ya mvuke mwishoni bluu ikapanda kwenye herufi nyeupe, kazi ya miezi miwili. Sasa hivi kila kipande nakilowesha, naweka kitambaa cheupe juu, napitisha pasi ya moto. Kikiacha alama narudisha sufu kwenye sufuria na siki, moto mdogo usiochemka kwa nguvu, mpaka maji yawe meupe, kisha naiacha ipoe humohumo. Na shati lijaribiwe hivohivo, ila kwa ukipande kidogo ulichokikata tu, sio shati zima.

Jina la marehemu halikanyagwi, kwa hiyo hili ni la ukutani. Nyuma shona mfuko wa kitambaa kwa juu, upana wote, fimbo ipite, uzito ugawanyike. Kabla ya hapo lilaze kifudifudi, kitambaa kibichi juu, pasi ya moto uibonyeze na kuinyanyua bila kusugua, ligeuze ufanye hivo na mbele, liache sakafuni mpaka likauke kabisa. Shona na kitambaa kidogo cha pamba nyuma, andika kwa wino usiofutika jina lake kamili, tarehe, jina lako na kwamba mstari wa chini ni shati lake, maana miaka 50 ijayo hakuna atakayejua. Akitaka kulihifadhi alikunje kwa kuviringisha, vitanzi vikae nje, kwenye shuka la pamba, sio kwenye mfuko wa plastiki.

Muda, mi futi moja ya mraba inanichukua masaa 8 mpaka 10, wewe weka zaidi, kwa hiyo hesabu masaa 60 hadi 80. Wengi wanalenga tarehe 15 Mei, ile siku ya kuwakumbuka askari waliofariki ambayo Rais Kennedy aliitia saini mwaka 1962, lakini wiki hiyo familia inakuwa imezungukwa na watu na magari na hotuba, mi ningemuuliza kama anataka lije kabla au lije baadaye nyumba ikishatulia.

Na kitu kimoja. Ule mstari wa shati chini ya jina usiuvute. Malizia kila kitu, uuache wazi, ila nafasi yake isibanwe. Halafu chukua fremu yako hivohivo kabla hujapinda kingo, kulabu moja na vile vitepe vya shati, nenda nyumbani kwake mkae. Muonyeshe kitanzi kimoja. Kama anataka kuuvuta mwenyewe mpe kulabu, vitanzi vyake vikipanda na kushuka usivirekebishe. Kama hataki, vuta wewe akiwa amekaa hapo.